Makofi ya Studio, Machozi ya Sebuleni

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Siku hizi ving'amuzi vimefika hata huku kwetu Manyoni, na jioni, vyombo vikishaoshwa, wengi wetu twakaa kutazama vipindi vya mazungumzo. Vina faida. Joyce Kiria, katika kipindi chake cha Wanawake Live, alizungumzia hadharani mateso ya wanawake ambayo wengi waliyafunika kwa kanga. Hata hivyo, ni vema tujue jinsi vipindi hivi vinavyotutoa machozi na vicheko.

Kwanza kuna mkasi wa mhariri. Mazungumzo marefu hukatwa, yakabaki yale yenye kuchoma moyo. Picha ya mama anayefuta machozi huenda ilichukuliwa mgeni akisema jambo jingine, kisha ikapachikwa hapo. Hata mwulizaji mara nyingine hurekodiwa akitikisa kichwa baada ya mgeni kumaliza kusema. Si hila siku zote. Kamera ikiwa moja haiwezi kutazama pande mbili kwa wakati mmoja.

Pili, kuna watu waliokaa studio. Mwaka 1967, katika mji wa Dayton nchini Marekani, mtangazaji Phil Donahue aliona kwamba watu waliokuja kutazama kipindi chake, wengi wao akina mama wa nyumbani, walikuwa na maswali mazuri sana. Akachukua kipaza sauti, akawafuata walipokaa. Kipindi hicho kilidumu hadi 1996. Oprah Winfrey, aliyeonekana Marekani nzima kuanzia 1986 hadi 2011, naye aliipita njia hiyo. Mama aliyekuwa nyumbani alimwona mwenzake akiuliza swali lake, naye akajiona yumo.

Lakini mara nyingi watu hao huchangamshwa kabla ya kurekodi, na huonyeshwa wakati wa kupiga makofi. Katika miaka ya 1950, fundi Mmarekani Charles Douglass alitengeneza hata kisanduku cha vicheko vilivyorekodiwa, vya kutiwa katika michezo ya kuchekesha. Binadamu husikia wenzake wakicheka, naye hucheka.

Hapo ndipo penye hatari, akina mama. Mwanamke anasimulia ndoa yake, studio inaguna, nasi twaguna. Tumeshamhukumu mume ambaye hatukumsikia, au mke ambaye nusu ya maneno yake imekatwa. Binti yetu aliyekaa mkekani anatutazama. Akituona tunaicheka aibu ya mwanamke mwingine, siku akipatwa na lake atakwenda kumwambia nani?

Tufanye hivi. Watu wa studio wakicheka au kuguna, tujiulize: Amesema nini hasa? Upande wa pili uko wapi? Kipindi kikiisha, tuwaulize watoto wao wameonaje, na tuwasikilize kabla ya kusema letu. Nasi tukiombwa kuhojiwa, tuulize mapema: Ni nini kitakachokatwa? Watoto wetu wataonekana? Tutaruhusiwa kukitazama kabla hakijarushwa?

Akili za kuambiwa, changanya na zako. Studio wakimaliza kupiga makofi hurudi makwao. Yule mama aliyesimulia hubaki na majirani zake, na majirani hao ndio sisi.