Feni ya Seva Isinyamazishwe

Watu wengi huihesabu feni kuwa sehemu duni kabisa ya kompyuta: bei yake ni ndogo, na ikifa hununuliwa nyingine. Kwa kompyuta ya mezani dhana hiyo huenda isilete madhara makubwa. Kwa seva, yaani kompyuta inayotumikia ofisi, hospitali au chuo kizima usiku na mchana, dhana hiyo ni ya hatari, nami nakusudia kuipinga.

Feni ya seva ya siku hizi aghalabu huunganishwa na ubao mama kwa nyaya nne. Wa kwanza ni wa ardhi, na wa pili huleta umeme wa volti 12. Waya wa tatu hupeleka habari kwenye ubao: kila feni izungukapo mara moja hutoa mapigo mawili, na kwa kuyahesabu ubao hujua kasi yake. Wa nne huleta amri, kwa umeme mdogo unaowashwa na kuzimwa kiasi cha mara 25,000 kwa sekunde; kadiri sehemu ya kuwaka inavyozidi, ndivyo feni inavyokwenda kasi. Kwa hiyo nyaya mbili ni za nguvu, na mbili ni za mazungumzo.

Msikilizaji wa mazungumzo hayo ni kompyuta ndogo iliyomo katika ubao wa seva, ambayo hukesha hata seva yenyewe ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Hiyo hupima joto na kasi, na kuzilinganisha na viwango vilivyowekwa. Kasi ya feni ikishuka chini ya kiwango cha hatari, huamua kwamba feni imekufa, huziamuru nyingine ziende mbio, na kuandika onyo.

Sasa fundi akibadilisha feni na kutia nyingine ya polepole bila kurekebisha viwango, huona kioja: feni huvuma, hutulia, kisha huvuma tena, kutwa kucha. Hakuna kilichoharibika. Feni mpya ikienda pole hudhaniwa imekufa. Ikienda mbio hudhaniwa imefufuka. Dawa ni kusoma mwongozo wake, kujua kasi yake ya chini kabisa, na kukiweka kiwango cha hatari chini ya hapo.

Wapo, hata hivyo, wanaochagua njia ya mkato. Huiunganisha feni moja kwa moja na umeme, kisha huzima onyo. Hoja yao ni kwamba feni iendayo mbio daima ni salama zaidi. Ni kweli kwamba upepo mwingi ni afadhali kuliko upepo haba. Lakini nguvu inayoliwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikipungua kwa nusu, nguvu hushuka hadi thumni moja. Zaidi ya hayo, feni ya mbio huchakaa upesi na kuvuta vumbi jingi. Nayo ikisimama usiku wa manane, hakuna atakayejua mpaka joto lipande na seva ijizime.

Hatari hiyo hiyo imo katika kuunganisha feni mbili kwenye soketi moja. Hata kama soketi inaumudu umeme wa zote mbili, ubao husikia habari za feni moja tu. Ya pili hufa kimya.

Kwa maoni yangu, asiwepo mtu wa kutia saini ya kupokea seva kabla ya jaribio moja jepesi. Seva ikiwa haijaanza kazi, feni moja ichomolewe kwa muda mfupi, na itazamwe kama onyo linamfikia mhusika. Lisipomfikia, seva hiyo haijakamilika, hata ikiwa feni zake zote zinazunguka.