Nguo Isiyo na Upande wa Kuficha

 

Ndugu wasomaji, katika darasa la akina mama la msikiti wetu hapa Sikonge, baada ya swala ya Alasiri, imeingia fani ambayo wengi wetu hatukuizoea: kufuma skafu ya rangi mbili iliyo na uso pande zote. Kufuma kwenyewe si jambo geni. Vitambaa vya kochi na sweta za watoto vimefumwa majumbani mwetu miaka mingi, na wapo waliojifunza kwa spoki za baiskeli kabla ya kushika sindano za dukani. Jipya ni kwamba nguo hii haina mgongo. Upande mmoja ua ni jeupe juu ya buluu; ukiigeuza, ua lile lile ni la buluu juu ya weupe.

Namna yake ni hii. Tuseme upana unaotakiwa ni vitanzi 30. Sindano hubeba vitanzi 60, yaani jozi 30, kila jozi kitanzi kimoja cheupe na kimoja cha buluu. Kitanzi cha kwanza cha jozi hufumwa kwa namna ya uso, nyuzi zote mbili zikiwa nyuma ya kazi. Kisha nyuzi zote mbili huletwa mbele, na kitanzi cha pili hufumwa kwa namna ya mgongo, kwa uzi wa rangi ya pili. Hivyo tabaka mbili hukua pamoja, zimepeana migongo, nyuso zao zikitazama nje. Penye ua, rangi hubadilishana nafasi ndani ya jozi, na hapo ndipo tabaka hushikana. Pasipo ua hubaki zimeachana kama mfuko. Kila mwanzo wa mstari nyuzi mbili hupishwa mara moja, la sivyo kingo hubaki wazi. Uzi unaohitajika ni kama mara mbili ya ule wa skafu ya kawaida, lakini kwa asubuhi za Juni na Julai katika nchi yetu ya Unyamwezi, aliyeivaa hajuti.

Fani ya kufuma ina historia katika nyumba ya Uislamu. Miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa sindano na kuhifadhiwa hadi leo ni soksi za pamba kutoka Misri, za buluu na nyeupe, zenye umri wa miaka mia saba na zaidi. Huko Hispania, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa na mafundi Waislamu. Pindo zake zimezungushiwa neno la Kiarabu lenye maana ya baraka.

Kwa hiyo haishangazi kwamba baadhi ya dada zetu wametaka kufuma maandishi. Tunawatahadharisha kwa mambo mawili. Kwanza, nguo ya namna hii huyageuza maandishi upande wa pili yakasomeka kinyume, kama katika kioo, isipokuwa fundi awe na mchoro wa pekee kwa kila uso. Pili, jina la Allah halifai kuwekwa kwenye vazi ambalo mtu ataingia nalo chooni. Maua na miraba yanatosha.

Sasa tufike kwenye suala lililoletwa mbele yetu. Fundi akisahau kuleta uzi mmoja mbele, uzi ule hunaswa mahali pasipo pake. Ukinaswa nje, kila mtu anauona. Ukinaswa katikati ya tabaka, hakuna auonaye. Lakini nguo hujivuta na kukakamaa, na ikifuliwa mara chache hupinda. Mama mmoja, mjane mwenye watoto, amemaliza skafu yenye kosa la namna hiyo. Kuifumua ni kupoteza kazi ya wiki mbili. Wenzake wamemwambia aiuze tu, kwa kuwa ndani hapaonekani.

Sisi watu wa Sikonge tunajua habari ya ndani isiyoonekana. Tunalijua robota la tumbaku lililofichwa majani mabovu katikati, na tunaijua asali iliyochanganywa sukari. Babu zetu waliokuwa wakipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji walifanya kitambaa kuwa fedha: merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono, mikono minne shuka, mikono minane doti. Atakayeisoma Suratul-Mutaffifin ataona jinsi wapunjaji wa vipimo wanavyokemewa. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye mali. Hakutosheka na uso wa juu.

Hata hivyo, sheria yetu haimlazimishi mjane huyu atupe jasho lake. Bidhaa yenye kasoro huuzwa kihalali ikiwa kasoro imeelezwa na mnunuzi ameridhia. Basi na amwonyeshe mnunuzi mahali penyewe, ampunguzie bei, na apokee pesa yake kwa moyo mweupe. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) tunafundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa biashara yao, wakificha, baraka huondolewa. Baraka ile iliyofumwa kwenye pindo za hariri, mama wa Sikonge anaweza kuipata bila kufuma herufi hata moja.

Nanyi mnaonunua, msiwakandamize wasemao kweli. Mama akikuonyesha kasoro kwa hiari yake, usiifanye kisingizio cha kumlipa nusu ya haki yake. Ukifanya hivyo, umemfundisha kwamba kuficha kuna faida, na wiki ijayo utanunua skafu iliyofichwa kosa.