Picha 40, Helmeti Moja: Wenye Pikipiki Lushoto Wanamsahau Anayekaa Nyuma

Jamaa kanunua pikipiki. Siku hiyo hiyo kaposti: pikipiki ikiwa bado na nailoni kwenye siti, pikipiki mbele ya duka, pikipiki juu kule Irente huku Mazinde ikionekana chini kabisa kama imechorwa. Chini ya picha kaandika "Mungu hamtupi mja wake". Laiki zinamiminika, hongera kibao, na mashemeji waliopotea miaka miwili wameibuka. Sawa, pongezi zake, kaipata kwa jasho. Lakini ukizipitia hizo picha zote, 40 kwa hesabu ya haraka, kuna kitu hakionekani hata kwenye moja: helmeti ya pili. Siti ni ya watu wawili, vichwa ni viwili, helmeti ni moja. Na hiyo moja yenyewe imening'inia kwenye kioo.

Huyo jamaa hana haja ya kutajwa jina, maana wako wengi. Yupo wa Lushoto mjini, yupo wa Soni, yupo wa Lukozi, yupo na yule wa wikendi anayepanda kutoka Dar na dude kubwa linalonguruma mpaka mbuzi wanakata kamba. Wote wanajua kupiga picha. Anayekaa nyuma ndiye hawamjui.

Raha ya kumiliki chombo Lushoto haina ubishi. Mtu aliyezoea kukaa Mombo akisubiri gari lijae, leo anapiga kiki yake na kuondoka muda anaotaka. Ni kama kilomita 32 za kona mpaka mjini, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili. Mombo kaondoka jasho linamtoka, akifika maporomoko ya Soni anafunga zipu ya koti, akiingia Lushoto meno yanagongana. Jumapili akikatiza msitu wa Magamba, harufu ya mikaratusi na misindano inampiga usoni bure kabisa, wakati wenzake wa mjini wanainunua kwenye chupa. Mkulima mwenye karoti shambani hamsubiri tena dalali ajisikie. Mama mwenye presha anafika kliniki mapema. Na usiku wa manane, mke wa jirani akishikwa na uchungu, anayegongewa mlango ni yule yule mwenye pikipiki. Heshima ya namna hiyo hainunuliwi kwa laiki.

Karaha nazo zimejaa. Kuna ukungu wa asubuhi ambao ukiingia nao barabarani unaisikia honi ya lori kabla ya kuliona. Kuna tope la masika kwenye njia za Mlalo na Mtae, tope jekundu linalokula tairi mpaka nusu. Kuna milima inayomaliza breki na klachi haraka kuliko anavyozimaliza mtu wa Tanga mjini anayeendesha kwenye tambarare. Kuna asubuhi za Julai ambapo injini inagoma na mwenyewe anapiga kiki mpaka anavua koti. Halafu kuna ndugu. Ukinunua pikipiki Lushoto, ukoo unaongezeka. "Kaka, niazime chombo dakika tano tu, nafika hapo juu." Dakika tano zinakuwa saa tatu, chombo kinarudi tenki kavu, kioo kimoja kinaangalia mbinguni, na aliyeazima anasema ameikuta hivyo hivyo.

Sasa angalia jinsi mwenye pikipiki anavyopambana na karaha hizo. Cheni ikilegea, fundi anaitwa. Oili ikifika muda, inamwagwa. Siti ikichanika, inashonwa upya na maandishi juu. Anaongeza taa za rangi chini ya tenki, anafunga spika, anabandika stika ya Simba au Yanga, anabadilisha ekzosi ili kijiji kizima kijue kapita. Hela ya vyote hivyo inapatikana. Ikitajwa helmeti ya pili, ghafla maisha ni magumu.

Ndiyo maana hoja ya "hali ngumu" haisimami. Kwa kijana wa mkataba, yule anayepeleka hesabu kwa bosi kila siku ili chombo kije kuwa chake, hali kweli ni ngumu, na bosi anayemkabidhi pikipiki yenye helmeti moja ana lake la kujibu. Lakini huyu wa picha 40 ni mmiliki. Kadi ni yake, spika ni zake, na uamuzi ni wake.

Hoja ya pili ni maarufu zaidi. Dada anapanda, anauliza, "Kaka, ya kwangu iko wapi?" Anajibiwa, "Dada, twende tu, hapa karibu, na trafiki leo hawapo." Jibu hilo linaeleza kila kitu. Kumbe helmeti kwa huyu bwana ni kitambulisho cha kumwonyesha trafiki, haihusiani na kichwa. Ndiyo maana wakishuka wanaivaa palepale askari anaposimama, wakishampita inavuliwa na kurudi kwenye mkono. Kiwiko cha kijana wa Lushoto kinalindwa kuliko ubongo wake. Na haya yanatokea kwenye mji wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, mahali mahakimu wanaponolewa, huku Sheria ya Usalama Barabarani ikiwepo tangu 1973.

Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa inapunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 40, na uwezekano wa kuumia vibaya kichwani kwa takriban asilimia 70. Halijasema "isipokuwa pakiwa karibu". Isitoshe, mwenye usukani anaiona kona, anaiona mchanga, anaiona kokoto, anajiandaa. Wa nyuma anaona mgongo wa mtu. Kikinuka, yeye ndiye wa mwisho kujua. Sasa nani hapo alihitaji helmeti zaidi?

Hoja ya tatu inatoka kwa abiria wenyewe, na nao wasemwe. Mrembo katoka saluni, nywele zimemgharimu, hataki ziguswe. Mwingine anaogopa jasho la watu 20 waliovaa kabla yake. Hofu ya uchafu ni ya haki kabisa, zile helmeti za kijiweni nyingine zinanuka kama kiatu cha shule. Dawa yake ni ndogo: mtandio mwepesi au kofia ya kitambaa chini yake, na mwenye chombo aianike juani na kuifuta kila siku kama anavyofuta tenki. Nywele zikiharibika, saluni zipo. Fuvu likipasuka, hakuna msusi wake.

Kuna na mchezo mwingine ambao hauonekani kwenye picha kwa sababu hauna sauti. Wakitoka Lushoto kuteremka Mombo, wengine wanazima injini, wanaweka nyutro, chombo kinaserereka chenyewe ili kubana mafuta. Kutoka juu mpaka chini ni karibu mita 1,000 za mteremko. Injini ikiwa hai na gia imeingia, inasaidia kushika mwendo. Ukiizima na kuweka nyutro, mzigo wote unabaki kwa breki. Breki zikishikwa kona baada ya kona zinapata moto, zikipata moto sana zinaanza kuteleza, na hapo ndipo mtu anakumbuka kuomba. Abiria wa nyuma hajaulizwa. Kalipa nauli kamili, kumbe anabebwa na upepo. Wengine wanafanya hivyo wakiwa wamepiga mishikaki, watu watatu na begi.

Likitokea la kutokea, watu kijiweni wanatikisa vichwa: "Ajali haina kinga." Msemo huu umeshazika wengi na unastahili kustaafu. Ajali nyingine kweli haina kinga, mwamba ukiporomoka na mvua hakuna wa kulaumiwa. Lakini kichwa kilichogonga lami bila kitu kilikuwa na kinga. Kinga ilikuwepo dukani, rafu ya pili, pembeni ya zile spika.

Na asiseme mtu kwamba kwa bodaboda haiwezekani. Kigali inawezekana. Rwanda nayo ni milima mitupu, pikipiki ni usafiri wa kila mtu, na ukisimamisha moja unapewa helmeti kabla hujakaa. Abiria ni mmoja, basi. Vijana wale nao wanatafuta ugali, wana watoto, na mafuta wananunua kama ya huku. Tofauti ni kwamba kule kubeba mtu kichwa wazi ni aibu, huku ni kawaida.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Lushoto, kijana akivaa helmeti vizuri na kuifunga mkanda, wenzake wanamcheka, wanamuuliza anaenda mwezini. Akimnunulia mchumba wake simu, anasifiwa. Akimnunulia helmeti, anaonekana hana mahaba. Kumbe anayempakia mama yake mzazi kichwa wazi, akampeleka kona kwa kona mpaka Soni, kisha akaandika "mama ni dhahabu" na makopakopa matano, huyo ndiye anayetakiwa kuchekwa. Dhahabu watu hawaibebi hivyo.

Mtu haitwi mmiliki kwa sababu kadi ina jina lake. Mmiliki ni yule ambaye kila anayepanda kwake anashuka mzima, awe mama, mchumba au abiria wa buku. Wengine wote wana chombo cha kutafutia kiki tu, na si ile ya kuwashia injini.

Jamaa wa picha 40 bado ana nafasi ya picha ya 41. Apande Irente tena, mwanga wa jioni uko palepale. Aweke helmeti mbili juu ya siti, zote zina mikanda inayofunga, apige. Hiyo ndiyo ipewe laiki mpaka simu igande. Na anayepanda nyuma yake kesho asubuhi, kabla ya kuuliza nauli, aulize kwanza: "Kaka, ya kwangu iko wapi?" Akijibiwa "trafiki hawapo", ashuke. Miguu haina hesabu ya bosi.