Abiria wa Bodaboda Naye Avae Helmeti

Katika viunga vya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta wilayani Kinondoni hadi Mbagala wilayani Temeke, bodaboda ndiyo inayomtoa mwananchi kituo cha basi na kumfikisha nyumbani. Aghalabu dereva huvaa helmeti, ilhali abiria wake hukaa kichwa wazi. Je, yafaa abiria naye alazimishwe kuivaa? Naona yafaa, na sababu ya kwanza ni ya fizikia.

Wapo wasemao kwamba safari ni fupi. Lakini urefu wa safari haumo katika hesabu ya ajali. Kilichomo ni kasi. Pikipiki iendayo kilomita 36 kwa saa hukwenda mita 10 kwa sekunde. Mwanafunzi na akokotoe: nazi iangukayo kutoka kimo cha mita 5 hufika chini kwa kasi ipatayo hiyo hiyo.

Helmeti hailindi kwa ugumu wake tu. Ndani yake mna povu linalobonyea. Kichwa kikisimamishwa katika umbali wa milimita 25 badala ya 5, wastani wa kani hupungua hadi sehemu moja ya tano. Ndiyo maana kofia ya mjenzi haifai, wala helmeti isiyofungwa mkanda.

Elimu hii si ngeni. Mwandishi T. E. Lawrence alipofariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 1935, daktari Hugh Cairns aliyeitwa kumtazama alianza kulichunguza suala hili. Uingereza ilifanya helmeti kuwa lazima mwaka 1973. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Wengine huchukia jasho la waliotangulia. Hoja hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kitambaa safi. Wengine hudai kwamba kichwa ni chao. Hata hivyo, aliyeumia ubongo huuguzwa na jamaa zake, na kitanda alalacho hospitalini ni cha umma.

Lakini sharti hili lianze kwa mwenye pikipiki: awe na helmeti ya pili iliyo nzima. Bila hivyo, tutamtoza faini mnyonge kwa kukosa kitu ambacho hakupewa.