Shaba Itakwisha, Shamba na Pori Vibaki

Hapa kwetu Katanga tukisema utajiri, kila mutu anaangalia chini: shaba, kobalti, zinki. Ya chini tunaijua vizuri. Ya juu tumeisahau: shamba, pori, na kinywaji cha bamama wetu.

Kipushi inatufundisha. Mugodi wake ulifungwa mwaka 1993, ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Miaka 31! Mutoto aliyezaliwa mwaka ule wa kufunga aliweza kuwa na watoto wake mwenyewe mbele ya kusikia mashini tena. Miaka ile yote, jembe na biashara ndogo ya mama ndivyo vilisimamisha nyumba nyingi, hapana mushahara. Na kuanzia mwaka 2003, Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000. Nani kati yetu hana mumoja wao katika jamaa yake?

Tuangalie sasa kikombe cha munkoyo. Kiwanda cha bia cha Lubumbashi, chenye kutupatia Simba, kilianza miaka ya 1920, na tunakisifu. Lakini munkoyo ulikuwa tayari unapikwa mungini. Mama anapika uji wa mahindi, anauacha upoe kidogo, anatia muzizi uliopondwa, na ule uji muzito unageuka maji matamu. Siku zikipita, unakuwa mukali. Hauombi mashini, hauombi dola nyingi. Unaomba vitu vitatu: mahindi, muzizi wa pori, na maji safi.

Na vitu vile vitatu iko wapi leo? Mahindi na bunga tunangojea lori za Zambia, sawa vile hatuna udongo. Pori linakatwa kwa makala, na pasipo pori muzizi hauoti. Maji, bamama wanaamka usiku kuyatafuta.

Hata pori linalolindwa tunaliona kama ni ya wageni. Parke ya Upemba iliundwa mwaka 1939, ya Kundelungu mwaka 1970. Punda milia wa Congo wanabaki Upemba tu. Kule Kundelungu, maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300. Lakini wangapi kati yetu wameyaona? Wakati wa mvua, barabara inakatala. Pasipo barabara hakuna mugeni, na pasipo mugeni hakuna wa kununua kuku, asali wala munkoyo wa mungini.

Wengine watasema: « Munatuchekesha! Mwenye kuchimba akipata muzigo muzuri siku moja, anapita mulimaji wa mwezi muzima. » Ni kweli. Hatusemi muache mugodi. Tunasema: feza ya mugodi ijenge kile kitakachobaki.

Sheria iko. Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni inayochimba itoe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mugodi. Kwa kila dola 1,000,000 za mauzo, dola 3,000 ni zenu. Tena, 15% ya redevance minière ni ya commune, secteur ao chefferie ya pale pale mugodi unapochimbwa.

Basi mukutano wa cahier des charges ukiitwa, tusilombe tu rangi ya ukuta wa masomo na mipira ya watoto. Tulombe barabara ya kutosha mahindi shambani. Tulombe mbegu na mbolea mbele ya mvua ya kwanza, hapana nyuma yake. Tulombe kisima na nyumba safi ambamo bamama watapika munkoyo na kuutia mu chupa wa kuuzisha mu muji. Na miti ipandwe pale makala ilipomaliza pori.

Wasomaji, wiki hii muulize kwa chefu wenu: nani anatusimamia katika ile kamati ya 0.3%, na mukutano ni siku gani? Mama mwenye kupika munkoyo naye akae pale mezani. Yeye anajua bei ya mahindi kuliko wakubwa wote.