Katuni ya Sakura, Nimeitazama Tena Nikiwa Mama

 

Leo siandiki kuhusu chanjo wala uji wa lishe. Naandika kuhusu katuni. Usicheke, soma kwanza hadi mwisho.

Wiki iliyopita nilikuwa mapumziko baada ya zamu tatu za usiku. Mvua yetu ya Tukuyu mnaijua, ikianza asubuhi hata kuku hatoki bandani. Nikamwambia binti yangu wa miaka 9, njoo nikuonyeshe katuni niliyoipenda nilipokuwa mdogo.

Inaitwa Cardcaptor Sakura. Ni ya Japani, ilirushwa huko kuanzia 1998 hadi 2000, vipindi 70, na imetoka kwenye vitabu vya CLAMP, kundi la wachoraji wanawake wanne. Sisi tuliipata kwa Kiingereza kwenye CD ya kukodi, tukaangalia kwa jirani mwenye TV, watoto tumebanana sakafuni. Kiingereza chenyewe tulikuwa tunaokoteza. Sakura ni mtoto wa miaka 10, yuko darasa la nne. Anafungua kitabu kwenye maktaba ya baba yake, kadi za uchawi zinapeperuka mji mzima, na kazi ya kuzikusanya inakuwa yake. Ana fimbo yenye nguvu. Fimbo zetu sisi zilikuwa mabua ya mahindi.

Basi, safari hii uchawi karibu sikuuona. Macho yangu yalikuwa jikoni kwao.

Mama yake Sakura alifariki kwa ugonjwa Sakura akiwa na miaka 3. Baba, ambaye ni mwalimu wa chuo kikuu, anapika na anamfungashia mtoto chakula cha shule. Kuna ubao wa zamu nyumbani: leo nani anapika, nani anasafisha. Kaka mtu, kijana wa sekondari, naye yumo kwenye zamu na hakuna anayemcheka. Picha ya mama iko mezani, wanamsalimia kila asubuhi.

Nikajisemea, jamani, hiki ndicho nilitaka wamama wangu waone. Maana wodini nawaona. Mtu ana siku mbili tangu ajifungue, bado ana maumivu, yuko kwenye simu anamwelekeza mume chumvi ilipo. Ubao wa zamu hauhitaji fimbo ya uchawi. Unahitaji chaki.

Lakini kuna jambo lingine nililipita utotoni kwa sababu sikuelewa maneno. Mama yake Sakura, Nadeshiko, alifariki akiwa na miaka 27. Aliolewa akiwa na miaka 16, bado mwanafunzi wa sekondari. Na aliyemuoa alikuwa mwalimu aliyefika shuleni kwake. Ndiyo, huyo huyo baba mpole anayepika. Ukipiga hesabu, kaka yake Sakura alizaliwa mama akiwa na miaka kama 17.

Na hadithi inasimuliwa tamu kweli: msichana kaanguka kutoka juu ya mti, akakutana na mwalimu, mapenzi yakaanza. Kwenye vitabu ndiyo zaidi, maana mtoto wa darasa la nne anapewa pete na mwalimu wake, na mwandishi analiweka kama jambo la kupendeza.

Kuna mtu anayekasirika. Ni Sonomi, binamu wa Nadeshiko, ambaye kwetu Sakura angemwita mama mdogo. Siku ya michezo shuleni anakutana na baba Sakura, anawaka. Ulimchukua Nadeshiko wetu, alikuwa bado mtoto! Tulipokuwa wadogo tulimcheka Sonomi, tukamwona mama mwenye wivu na kelele. Katuni yenyewe inataka umwone hivyo, na baadaye inamtuliza.

Sasa nina miaka thelathini na kitu, nimefanya kazi wodi ya wazazi, na nipo upande wa Sonomi.

Wakati nawaza hayo binti yangu akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mwalimu anaweza kumuoa mwanafunzi wake akiwa mpole?"

Nilisimamisha katuni.

Mama mwenzangu, lisikie vizuri hilo swali. Hakuuliza kuhusu mwalimu mkali. Kauliza kuhusu mwalimu mpole. Tunawafundisha watoto wamkimbie mtu mbaya, asiyemjua, mwenye sura ya kutisha. Sitaja mgonjwa yeyote hapa, siri za watu ni siri, lakini kwa miaka yangu kazini, binti mdogo mwenye mimba mara nyingi hatuambii kuhusu mtu wa kutisha. Anasema ananipenda. Ananinunulia chipsi. Ananipa lifti ya bodaboda mvua ikinyesha. Alinisaidia hesabu.

Upole ndio mlango wenyewe. Ndiyo maana katuni hii inanisumbua kuliko zile za mapanga na damu.

Nilimjibu hivi: hapana. Mtu mzima anayekupenda kweli anakusubiri ukue, na mwalimu kazi yake ni kukufundisha, basi. Halafu nikamweleza kwa lugha yake kwamba mwili wa msichana wa miaka 15 au 16 unaweza kushika mimba kabla nyonga hazijamaliza kukua. Kwenu ninyi naongeza ya kinesi: upungufu wa damu, kifafa cha mimba, mtoto kukwama njiani, fistula, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Haya yote yanawapata zaidi wanaozaa wakiwa wadogo.

Na asije mtu akasema hayo ni ya Japani. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe wazazi wakikubali, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa: anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi, jela miaka 30. Kwa hiyo familia inayokaa kikao kupatana ng'ombe na "mkwe mpole" ijue inaficha kosa.

Je, nimeifuta katuni? Hapana. Sakura ni jasiri, anaomba msaada, anawajali rafiki zake. Nataka binti yangu ayaone hayo. Nilichobadilisha ni kwamba haangalii peke yake. Simu ukimpa mtoto ili upate kupika, sikulaumu, nami ni mama. Lakini angalau kipindi kimoja kwa wiki kaa naye, hata kama unamenya ndizi. Likipita jambo kama hili, simamisha, muulize, "Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Usianze na kofi wala mahubiri, maana siku nyingine hatauliza, na hapo ndipo utakapompoteza.

Ukiona dalili kwa mtoto wako au wa jirani, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au ustawi wa jamii. Kuwa Sonomi. Wakikuita mama wa kelele, waache waite.

Jumatatu tunarudi kwenye uji wa lishe. Niambieni: ni katuni gani mliipenda utotoni ambayo leo mkiitazama inawapa maswali?