Nyuzi za Kauri na Matumaini ya Umeme Usiopotea Njiani

Julai 2023, watafiti wa Korea Kusini walitangaza kupata kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote katika joto la kawaida. Shangwe ilidumu wiki chache tu, kwani maabara za nchi nyingine hazikupata matokeo hayo. Lakini hata kama tangazo lingethibitishwa, swali gumu lingebaki: je, kitu hicho kinaweza kufanywa waya?

Swali hilo si geni. Mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller wa maabara ya IBM nchini Uswisi waligundua kauri yenye shaba inayopoteza ukinzani wake wote ikipozwa. Mwaka uliofuata ikapatikana nyingine inayofanya hivyo kwenye digrii 180 chini ya sifuri, baridi inayofikiwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo si ghali. Hata hivyo, kauri ni kauri. Huvunjika kama kigae, haikunjwi.

Ndipo baadhi ya watafiti wakageukia kioo. Oksidi za bismathi, strontiamu, kalsiamu na shaba huyeyushwa pamoja, kisha hupozwa ghafla ili chembe zake zisipate muda wa kujipanga. Kioo kinachopatikana, kikipashwa moto kikalainika, huvutwa kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo bado hazina manufaa kwa umeme. Hurudishwa tanurini, katika joto linalozidi digrii 800, hadi fuwele ziote ndani yake na sifa inayotafutwa ijitokeze.

Kikwazo kikawa fuwele zenyewe. Zikiota kila moja na upande wake, mkondo hukwama kwenye mipaka baina yake, na uzi uliofaulu kipimo cha joto hushindwa kubeba umeme wa kutosha.

Viwanda vikachagua njia nyingine isiyo ya kifahari: unga wa kauri ya bismathi hujazwa katika mrija wa fedha, ukavutwa na kubanwa kuwa utepe, fuwele zikalala upande mmoja. Kwa tepe hizo ilitengenezwa kebo ya takribani kilomita 1 iliyounganishwa na gridi ya mji wa Essen, Ujerumani, mwaka 2014. Ilikuwa na uwezo wa megawati 40 kwa msongo wa kilovolti 10, kazi ambayo mjini humo ilihitaji kebo ya kilovolti 110.